Maswali ya Wasomaji: Mkandarasi wa Banda la Nguzo

Barua nne zilizonifikia zinahusu jambo moja, nalo ni ujenzi wa banda la nguzo kwa vipimo vya mwenyewe na namna ya kumpata mkandarasi wa kulijenga. Kwa wasiolifahamu jina hilo, banda la nguzo ni jengo lisilo na msingi wa mtaro wala kuta zinazobeba paa. Nguzo za mbao huchimbiwa ardhini kwa nafasi maalumu, kenchi hukaa juu ya nguzo hizo, kisha mabati hufunika paa na mara nyingi kuta pia. Nimeipa barua ya kwanza nafasi kubwa zaidi kwa sababu majibu yake yanazihudumia nyingine zote.

Swali

Ndugu Mhandisi, baada ya salamu naomba ushauri wako. Ninakusudia kujenga banda la nguzo lenye upana wa mita 12 na urefu wa mita 18, ambamo nitaweka trekta, marobota ya nyasi kavu na karakana ndogo ya kuchomelea vyuma kwenye pembe moja. Nimeomba makadirio kwa wakandarasi watatu. Wa kwanza amenipa bei ya chini kabisa, iliyoandikwa kwa mstari mmoja, na anataka asilimia 70 kabla ya kuanza kazi. Wa pili ana bei ya kati, lakini hajafika kukiona kiwanja. Tulizungumza kwa simu tu. Wa tatu ameleta kurasa 6 pamoja na mchoro, na bei yake inamzidi wa kwanza kwa karibu theluthi moja. Ndugu zangu wanasema nguzo ni nguzo, nimchukue wa bei nafuu. Je, wana haki ya kusema hivyo?

Mkulima anayejenga kwa mara ya kwanza

Jibu

Ndugu yangu, nguzo ni nguzo kwa anayezitazama zikiwa zimekwisha kusimama na kufunikwa bati. Mimi nikitazama bei tatu za banda la aina hii, swali langu la kwanza huwa ni moja: ndani ya shimo kuna nini? Sehemu hiyo huonekana kwa siku mbili au tatu tu katika maisha yote ya jengo, kisha hufukiwa, na hapo ndipo mkandarasi asiye mwaminifu anapoweza kupunguza gharama bila mtu kutambua hadi siku ya dhoruba.

Tuchukue banda lako lenyewe. Nguzo zikiwekwa kila baada ya mita 3, kila ubavu wa mita 18 utakuwa na nguzo 7, jumla 14. Kila upande wa mita 12 utahitaji nguzo 3 za kati, na hivyo jumla kuu ni nguzo 20. Kila nguzo ya kati ya ubavuni inahudumia eneo la paa lenye upana wa mita 3 na kina cha mita 6, yaani mita za mraba 18. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya nguzo ni kubeba uzito wa eneo hilo. Ni kweli, lakini paa la bati ni jepesi, na adui wake mkubwa ni upepo unaoingia chini yake na kulinyanyua. Tuseme upepo unalivuta paa kwenda juu kwa nguvu ya kilo 50 tu kwa kila mita ya mraba. Nguzo moja itakuwa inavutwa kutoka ardhini kwa takribani kilo 900, na hata ukitoa uzito wa bati na mbao zake, bado kinachobaki ni kingi kwa nguzo iliyosimama katika shimo la kina cha nusu mita lililojazwa udongo wa kurudishia.

Kwa hiyo muulize kila mmoja wa hao watatu, na umtake ajibu kwa maandishi: shimo litakuwa na kina gani na upana gani, chini ya nguzo kutakuwa na kitako cha zege chenye unene gani, na ni kitu gani kitakachoizuia nguzo isichomoke, kama ni shingo ya zege iliyofungamanishwa na nguzo, au vipande vya mbao vilivyotiwa dawa na kupigiliwa pembeni mwa mguu wake. Kina cha mita 1.2 hadi 1.5 hutajwa mara nyingi kwa mabanda ya ukubwa huu, lakini namba hiyo si sheria. Udongo wa mfinyanzi unaovimba na kunywea, mchanga mlegevu, na ardhi inayoganda wakati wa baridi kali, kila mmoja una hesabu yake, na mwenye kuifanya hesabu hiyo ni mhandisi aliyekiona kiwanja. Kwa sababu hiyo yule wa pili, aliyekupa bei kwa simu, amekuuzia banda la kiwanja asichokijua. Simlaumu kwa makadirio ya haraka. Namlaumu akikubali kusaini mkataba kwa makadirio hayo.

Jambo la pili ni mbao zenyewe. Mfumo huu ulienea Marekani kuanzia miaka ya 1930, wakati wakulima walipokuwa na fedha kidogo na nguzo kuukuu za simu zilipopatikana kwa urahisi, na nguzo hizo zilidumu ardhini kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kutiwa dawa. Nguzo haiozi sana chini kabisa, ambako hewa ni haba, wala juu, ambako ni kukavu. Inaoza pale inapotokea ardhini, sentimita chache juu na chini ya usawa wa udongo, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Mchwa nao hupendelea papo hapo. Dawa iliyopakwa kwa brashi haifai kwa nguzo inayofukiwa. Inayofaa ni ile iliyosukumwa ndani ya mbao kwa shinikizo kiwandani, tena ya daraja la mbao zinazogusa ardhi, kwa sababu ziko mbao zilizotiwa dawa kwa matumizi ya juu tu, na kwa macho hutaweza kuzitofautisha. Omba kuona alama ya kiwandani kwenye nguzo au hati ya ununuzi. Nguzo ikibidi kukatwa, upande uliokatwa ukae juu, kwa kuwa dawa mara nyingi haifiki kwenye kiini.

Dawa hiyo ina tabia nyingine ambayo mafundi wengi huisahau. Nyingi kati ya dawa za kisasa zina shaba, na shaba kwenye mbao yenye unyevu hula chuma cha kawaida. Misumari, skrubu na vyuma vya kuungia vinavyogusa mbao hizo sharti viwe vimepakwa zinki nzito kwa kuchovywa, au viwe vya chuma kisichoshika kutu, na bati lisilaliwe moja kwa moja na mbao mbichi yenye dawa. Mkandarasi akikujibu kwamba msumari wowote unashika, umekwisha kupata sababu ya kumwacha. Na kwa kuwa utabakiwa na vipande, usivichome jikoni wala shambani; baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na sumu hiyo hubaki kwenye majivu na husambaa kwa moshi.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza. Unataka nyasi kavu na karakana ya kuchomelea chini ya paa moja. Cheche moja ya kuchomelea inatosha. Isitoshe, nyasi zinaweza kujiwasha zenyewe: zikifungwa marobota zikiwa bado na unyevu unaozidi takriban asilimia 20, huanza kupata joto katikati ya lundo, na joto hilo likikosa pa kutokea linaweza kuwa moto siku au wiki kadhaa baadaye, karibu na trekta lenye mafuta. Kama ningekuwa mimi, ningeijenga karakana kama kibanda cha pekee mbali kidogo. Ukishikilia viwe pamoja, basi umwambie mkandarasi tangu sasa ili mhandisi aweke ukuta wa kuzuia moto kutoka sakafuni hadi kwenye bati, kwa maana ukuta unaoishia chini ya kenchi haumzuii moto kupita juu yake. Mkandarasi wako wa tatu, pamoja na kurasa zake 6, alikuuliza utaweka nini humo? Kama hakukuuliza, naye ana upungufu.

Vipimo pia vianze na vitu vitakavyoingia. Pima trekta lako likiwa na kibanda cha dereva na chombo kirefu zaidi unachokifunga nyuma, kisha uongeze angalau nusu mita kwa kimo na mita moja kwa upana wa mlango. Mkataba utaje kimo cha wazi kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi. Nimeona mtu aliyelipia banda la kimo cha mita 4, akapata mita 4 za nje hadi ukingo wa paa, na ndani trekta lake likagonga mbao za chini za kenchi. Mkandarasi hakuwa amemdanganya, neno ndilo lililomponza. Mlango wa kuteleza pembeni nao unadai ukuta mtupu wenye upana sawa na wake, basi usiweke dirisha wala bomba hapo.

Kuhusu kiwanja, sitasema mengi. Banda likae juu kidogo kuliko ardhi inayolizunguka, na udongo ushindiliwe kabla ya mashimo kuchimbwa. Mvua ya milimita 20 juu ya paa lenye eneo la mita za mraba 216 ni lita 4,320 za maji, na yote yataanguka kando ya nguzo zako kama hakuna mfereji wa kuyapeleka mbali. Uliza kama mifereji ya paa imo katika bei. Mara nyingi haimo.

Turudi kwa watu wako watatu. Huyu wa kwanza, bei yake siwezi kuiita nafuu wala ghali kwa sababu sijui ni bei ya nini. Mstari mmoja wa maandishi hauna kina cha shimo, hauna geji ya bati (nayo kumbuka kwamba namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba, geji 30 ni jembamba kuliko geji 26), hauna idadi ya mbao za mshazari zinazozuia banda lisiyumbe, hauna mlango. Mkikosana, hakuna hakimu atakayejua mlikubaliana nini. Na asilimia 70 kabla ya kuanza ina maana kwamba kuanzia siku hiyo yeye hana tena haja ya kumaliza, bali wewe ndiwe mwenye haja.

Usifanye hata hivyo kosa la kuuchukua mchoro wa yule wa tatu na kumpa wa kwanza aupunguzie bei. Mchoro ni kazi yake, na jambo hilo si la haki, tena litakuletea jengo linalofuata mchoro bila kuufahamu. Andika karatasi yako mwenyewe: vipimo, matumizi, kimo cha wazi, milango, aina ya nguzo na dawa, kina cha mashimo kama mhandisi atakavyoshauri, geji ya bati, mifereji, sakafu imo au haimo. Wape wote watatu karatasi hiyo hiyo. Huenda utaona bei zao zikisogeleana kwa namna ya kushangaza, na yule wa kwanza asipopanda bei hata kidogo, hapo ndipo uogope zaidi.

Kabla ya kusaini, omba akupeleke kwenye banda alilolijenga miaka 5 iliyopita au zaidi, si lile alilolimaliza mwezi uliopita. Simama pembeni uangalie mstari wa paa kama umenyooka au umelala katikati. Chokoa mguu wa nguzo kwa bisibisi mahali inapotokea ardhini. Ikizama kama kwenye muhogo uliooza, umepata jibu. Tazama kama skrubu za bati zimezungukwa na kutu na kama vifuniko vyake vya mpira bado vipo. Kisha mwulize mwenye banda, mkiwa wawili tu, kama mkandarasi alirudi alipoitwa baada ya kulipwa fedha ya mwisho.

Malipo yafuate kazi inayoonekana. Malipo ya awali ya asilimia 10 hadi 20 si dhuluma, kwa kuwa mkandarasi naye ana gharama za kujiandaa na ametoa muda wake. Fungu la pili litolewe vifaa vikifika kiwanjani na kuhesabiwa. La tatu baada ya mashimo kukaguliwa na nguzo kusimamishwa. La nne paa likikamilika. Na asilimia 5 hadi 10 ibaki mkononi mwako kwa muda mtakaoandikiana, uwe mrefu kiasi cha mvua kubwa kulijaribu paa. Katika mkataba andikeni waziwazi kwamba hakuna shimo litakalofukiwa kabla wewe au mhandisi wako hajaliona. Siku hiyo uwepo. Ukishindwa, mtume mtu unayemwamini akiwa na futi ya kupimia na simu ya kupiga picha, na apige picha ya kila shimo pamoja na futi ikiwa imesimama ndani yake. Mashimo 20, picha 20.

Yabaki mambo ya karatasi: nani ataomba kibali cha ujenzi, na jina la nani litaandikwa humo; nani ana bima ikiwa fundi ataanguka kutoka kwenye kenchi; na mabadiliko yoyote katikati ya kazi yatakubaliwa vipi. Hili la mwisho ndilo linalovunja urafiki. Ukisema kwa mdomo “ongeza mlango mdogo hapa”, utaukuta kwenye hesabu ya mwisho kwa bei usiyoitarajia, ilhali karatasi ya mistari miwili yenye bei na saini mbili ingemaliza kila kitu.

Mimi ningeelekea kwa wa tatu, kwa sharti kwamba ajibu suala la moto na akubali ukaguzi wa mashimo. Lakini mpe wa pili nafasi ya kuja kukiona kiwanja. Wako mafundi hodari ambao hawana mkono wa kuandika, na mtu huyo akija, akachimba shimo la majaribio na kuushika udongo kiganjani, huenda akakufaa kuliko kurasa 6.

Swali

Mhandisi, mimi ninapenda kununua vifaa vyote mwenyewe na kumlipa mkandarasi ufundi tu, ili nisilipie faida yake juu ya kila bati. Wengine wananionya. Wewe unasemaje?

Mama mfugaji

Jibu

Mama, njia hiyo inawezekana na wengi wameokoa fedha kwayo, ila ujue kwamba pamoja na vifaa umenunua pia wajibu. Kenchi zikija na kasoro, nguzo zikipinda baada ya wiki mbili juani, mabati yakipungua 4, mkandarasi atasimamisha kazi na mafundi watakaa kivulini kwa gharama yako. Paa likivuja, yeye atasema ni bati, muuza bati atasema ni ufundi, nawe utakuwa katikati yao huna mkataba unaomshika hata mmoja kwa jengo zima.

Kwa maoni yangu, kununua mwenyewe kunafaa kwa vitu vinavyohesabika na visivyohitaji uchaguzi wa kitaalamu, kama saruji, kokoto, mchanga na mabati ya geji iliyokwisha kutajwa kwenye mchoro. Nguzo, kenchi na vyuma vya kuungia ningemwachia mkandarasi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyobeba jengo na ndivyo anavyopaswa kuvitolea dhamana. Kenchi hasa zisichongwe kwa kukisia. Kwa upana wa mita 12 zinahitaji hesabu ya mhandisi, na fundi akikata au akitoboa ubao mmoja wa kenchi ili kupitisha bomba, amebadilisha hesabu yote.

Ukinunua, omba orodha ya vifaa iliyosainiwa na mkandarasi, pokea vifaa ukiwa na orodha hiyo mkononi, na uandike ni nani anayevilinda usiku. Mbao zipangwe juu ya vitalu, zisiguse ardhi, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite. Na hata ukimwachia mkandarasi ununuzi wote, mtake akuonyeshe risiti za wauzaji kabla ya kumlipa kila fungu, kwa maana katika nchi kadhaa muuza vifaa ambaye hakulipwa anaweza kudai haki yake juu ya jengo lako, ingawa wewe umekwisha kumlipa mkandarasi kila kitu.

Swali

Ndugu Mhandisi, banda langu limekwisha kuezekwa paa, kuta bado. Nimemlipa mkandarasi asilimia 80. Jana nilipotazama kwa mbali niliona nguzo za upande mmoja zimeinama kuelekea nje. Yeye anasema zitanyooka kuta zikifungwa. Niendelee?

Mwenye wasiwasi

Jibu

Usiendelee, na usimruhusu afunge hata bati moja la ukuta. Bati la ukuta linalofungwa kwenye nguzo iliyoinama huishikilia pale ilipoinama.

Shusha timazi kutoka kichwani mwa kila nguzo na uandike umbali wa uzi kutoka kwenye nguzo chini, nguzo kwa nguzo. Kisha pima mishazari miwili ya banda, kutoka pembe hadi pembe, kwenye usawa wa ardhi na tena kwenye usawa wa ukingo wa paa. Banda la mita 12 kwa 18, kwa mfano, linapaswa kuwa na mishazari ya takriban mita 21.63 kila mmoja. Ikitofautiana kwa sentimita nyingi chini, banda lilipangwa vibaya tangu siku ya kamba na vigingi, lakini ikiwa chini iko sawa na juu imetofautiana, basi fremu imesukumwa baada ya kusimama.

Sababu ya hali hii ya pili mara nyingi ni moja kati ya mbili. Ya kwanza, na iliyo nyepesi, ni kwamba kenchi zilipandishwa kabla ya mbao za mshazari kuwekwa, na upepo au uzito ukazisukuma nguzo. Hiyo hutibika: fremu huvutwa taratibu kwa minyororo hadi timazi ikubali, hufungwa mshazari za muda, kisha za kudumu, na ndipo kuta hufuata. Sababu ya pili ni mashimo mafupi. Chimba kando ya nguzo moja iliyoinama zaidi, kwa mkono na kwa uangalifu, nguzo ikiwa imeegemezwa, hadi uuone mwisho wake. Ukikuta kina ni pungufu ya kile kilichoandikwa, au hakuna zege lolote, piga picha pamoja na futi, na umwite mhandisi asiye wa mkandarasi huyo aandike taarifa.

Baada ya hapo mwandikie mkandarasi barua, usimpigie simu. Taja vipimo ulivyovipata, kifungu cha mkataba, na siku unayotaka awe amerudi. Asilimia 20 iliyobaki mkononi mwako ni ndogo kwa kazi ya kuchimbua nguzo upya, ila ndiyo silaha pekee uliyo nayo kabla ya kwenda kwa wakili, basi usiigawe vipande vipande kwa maombi ya “nipe kidogo ya mafundi”. Wakati huo huo agiza nguzo ziegemezwe kwa mbao za muda pande zote, hata kama gharama ni yako, kwa sababu paa lisilo na kuta hukamata upepo kutoka chini, na dhoruba haitasubiri barua yako ijibiwe.

Swali

Fedha yangu haitoshi kumwaga zege la sakafu sasa. Je, nikilimwaga baada ya miaka miwili banda litaharibika?

Msomaji wa siku nyingi

Jibu

Halitaharibika. Hiyo ni moja ya fadhila za banda la nguzo: sakafu haibebi jengo, na unaweza kukaa na kokoto iliyoshindiliwa kwa muda wowote. Kwa wanyama na kwa nyasi kavu, wengi hawamwagi zege kabisa.

Lakini lazima uamue usawa wa sakafu leo. Jamvi la zege la sentimita 10 pamoja na kitanda cha kokoto cha sentimita 10 hadi 15 litapandisha ardhi ya ndani, na mlango uliopimwa kwa ardhi ya sasa utapungua kimo kwa kiasi hicho. Kama trekta zito litaingia, jamvi liwe la sentimita 15. Zege likimwagwa lisishikamane na nguzo. Kila nguzo izungushiwe ukanda laini, ili jamvi linyweapo lisipasuke pembeni mwake. Ubao wa chini wa kuta, ule unaogusa udongo, uwe wa mbao iliyotiwa dawa ya daraja la ardhini, kwa kuwa ndio utakaozuia kokoto na zege visitoke nje.

Kabla mafundi hawajaondoka, mwambie mkandarasi apige msumari mmoja kwenye kila nguzo mahali uso wa sakafu utakapofika, kwa kutumia pima maji, na uandike kipimo hicho kwenye mchoro wako.